Elfu Sitini na Nane

Amplifaya ya Wendell Aho ilitaja bei ya nguruwe.
Si utani. Jumanne ya Februari, Duluth imeganda,
theluji imepanda hadi kwenye kioo cha dirisha,
na katikati ya noti mbili, pale gita linapovuta pumzi,
sauti ya mwanamume, kavu kama risiti,
ilisoma kutoka ndani ya spika:
madume, majike, kwa kila ratili mia.

Wendell alicheka, kisha hakucheka.
"Jumamosi tunapiga Cloquet, ukumbi wa bolingi.
Watu watalipa kiingilio."

Fundi Lempi Saarela hakuinua kichwa.
"Ina masikio mengi mno. Ifungue, Oskari."

Nikaifungua. Harufu ya vumbi lililoungua,
valvu zikiwaka rangi ya chai iliyoshikwa juani.
Waya wa kuingilia ulitembea peke yake inchi saba
kutoka tundu la gita hadi mguu wa gridi,
ukiokota kila kilichopita angani:
mhubiri, mpira wa magongo barafuni, nguruwe.
Valvu haijui kubagua. Inaletewa, inakuza.
Ipe mnong'ono, itakurudishia mlio;
ipe umbea, itakurudishia umbea kwa wati hamsini.
Wanasema debe tupu haliachi kuvuma.
Debe hili halikuwa tupu.

Lempi akanisukumia kopo la peremende za koo.
Ndani hamkuwa na peremende. Rezista,
kubwa kidogo kuliko punje ya mchele:
bluu, kijivu, chungwa.
Omu elfu sitini na nane.

Nikailehemu vizuri. Ubaoni, kwenye safu na wenzake,
miguu imenyooka, kazi ya kupigiwa picha.
Tukawasha.
Nguruwe walikuwa wamepanda bei.

Hapo Lempi akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi.
"Bawabu umemweka sokoni. Mlango uko huku."
Akaing'oa, akaikata miguu,
akaishika kwa koleo hadi kwenye mguu wa valvu wenyewe,
karibu hivi kwamba lehemu ilikaribia kuiunguza.
Kati yake na gridi hapakubaki waya
wa kusikia chochote.

"Redio ina haraka," alisema, bado ameuma tochi.
"Ndani ya valvu mna kachombo kasikoonekana.
Kupitia hapa kanajaa polepole.
Mwenye haraka anakuta hakajajaa, ameshageuka.
Gita lina subira. Gita litapita."
Hayo ndiyo maneno mengi niliyomsikia akisema
kwa wiki tatu.

Kisha akanionyesha valvu mbili kubwa za mwisho,
zilizopigwa wekundu ubavuni ilhali hakuna aliyegusa uzi.
Zilikuwa zikiimba juu ya uwezo wa sikio,
zikijichoma kwa wimbo usiokuwa na msikilizaji.
Elfu moja mia tano kwa kila moja, mdomoni kabisa.
Wekundu ukashuka kama homa.

Wendell akapiga noti moja, akaiacha ife.
Ikafa yote. Baada yake
tulisikia gari la kukwangua theluji mtaani
na hita ikigugumia.

Usiku ule simu yangu ilikuwa na ujumbe
wa dada yangu Signe, dakika nne,
kuhusu nyumba ya baba kule Two Harbors:
nani alimuuguza, nani alikuja na maua tu.
Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu Novemba,
limeshapashwa moto, wati hamsini.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Sijui niseme nini kilichonizuia.
Kitu kidogo. Kilikuwa karibu na mdomo.
Nikausikiliza ujumbe tena, na mara ya tatu,
hadi yale ya haraka yakachoka kuja,
na chini yake, dakika ya nne, taratibu,
akasema koti la baba bado liko msumarini,
na kwamba mikono yake inanitosha mimi,
si yeye.